Uchaguzi wa matairi ya magari ya zamani

Uchaguzi wa matairi ya magari ya zamani ni uamuzi ambao mmiliki wa gari la kale hufanya kati ya matairi yanayofanana na yale gari lilipotoka nayo kiwandani na matairi ya kisasa. Matairi ya mtindo wa zamani hulinda sura ya gari na jinsi lilivyokusudiwa kuendeshwa. Matairi ya kisasa kwa kawaida hushika barabara vizuri zaidi, hupata joto dogo na hudumu muda mrefu. Hata hivyo si kila tairi la kisasa linafaa kwa gari la zamani, kwa sababu ringi, springi, usukani na breki za gari hilo zilibuniwa kwa ajili ya tairi la aina nyingine.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili linahusu hasa magari kama Land Rover za miaka ya 1950 hadi 1970, Peugeot 404 na 504, na Volkswagen Beetle. Mengi kati yake hayakai kwenye maonyesho. Bado yanabeba watu na mizigo kwenye barabara za changarawe, kwa mfano katika Wilaya ya Meatu, ambayo makao yake makuu ni Mwanhuzi katika Mkoa wa Simiyu, Tanzania. Kwa gari la namna hiyo, usalama wa tairi hutangulia sura yake.

Historia

Tairi la mpira lenye upepo lilipata hataza kwa mara ya kwanza mwaka 1845 kupitia Mskoti Robert William Thomson, lakini halikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alibuni upya tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli. Baadaye aina hiyo ya tairi ikahamia kwenye magari.

Kwa zaidi ya nusu karne karibu matairi yote ya magari yalikuwa ya nyuzi za mshazari. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la radiali, na mwaka 1949 ikaanza kuliuza kwa jina la Michelin X. Magari ya Ulaya yalianza kulipokea katika miaka ya 1950 na 1960, na magari ya Marekani yalifuata kwa wingi katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa kwa gari husaidia kujua tairi lake la asili. Land Rover ya mwaka 1958 ilitoka na matairi ya mshazari, ilhali Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, ni gari la enzi ya radiali. Mmiliki wa 504 anayefunga radiali nyembamba haondoki kwenye asili ya gari lake.

Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na yakaonyesha jinsi barabara za eneo hili zilivyo ngumu kwa matairi. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Magari hayo yalipita kwenye vumbi, mawe na matope kwa matairi membamba ambayo leo mtu angeyaona ni madogo.

Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, mjini Arusha. Kilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Nchini Kenya, Firestone ilitengeneza matairi mjini Nairobi. Zamani, basi, saizi nyingi za magari haya zilipatikana kutoka viwanda vya karibu. Leo karibu zote huagizwa kutoka nje, na saizi isiyotumiwa na magari mapya huwa adimu.

Tofauti ya ujenzi

Ndani ya mpira wa tairi kuna tabaka za nyuzi zinazobeba nguvu ya upepo na uzito wa gari. Tofauti kuu kati ya aina hizi mbili ni mwelekeo wa nyuzi hizo.

Katika tairi la mshazari nyuzi hupita kwa kuinama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kila tabaka huikata tabaka iliyo chini yake. Ubavu na sehemu inayogusa barabara hufanya kazi kama kitu kimoja. Tairi likibonyea ubavuni, uso wake nao hujikunja na kusugua barabara. Msuguano huo huleta joto na kula kashata haraka. Faida yake ni kwamba ubavu huwa mnene na huvumilia mawe na miiba.

Katika tairi la radiali nyuzi za ubavu hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya kashata huwekwa mkanda, mara nyingi wa waya za chuma. Ubavu hunepa bila kuusumbua uso wa tairi. Kwa sababu hiyo uso hubaki umelala barabarani gari linapokata kona, breki hushika vizuri zaidi na mafuta hutumika kidogo. Udhaifu wake ni ubavu mwembamba, hasa kwa matairi ya magari madogo. Jiwe lenye ncha linaweza kuuchana, na tairi lililochanika ubavuni halizibiki kwa usalama.

Dereva huhisi tofauti hiyo kwenye usukani. Gari lenye matairi ya mshazari hufuata mifereji ya barabara na huhitaji kurekebishwa mara kwa mara. Likisimama muda mrefu, matairi hupata sehemu bapa inayotikisa gari mpaka yapate joto. Gari hilohilo likifungwa radiali hunyooka zaidi, lakini usukani huweza kuwa mzito wakati wa kuegesha. Kona pia huisha tofauti. Tairi la mshazari huanza kuteleza taratibu na kumpa dereva onyo. Radiali hushika kwa muda mrefu zaidi, kisha huachia kwa ghafla.

Kuna pia aina ya tatu: matairi mapya yenye sura ya zamani lakini ujenzi wa radiali. Kampuni kama Coker Tire ya Marekani huuza matairi ya namna hiyo, na Michelin na Pirelli zina mikusanyo yao ya matairi ya magari ya kale. Aina hii humfaa anayetaka sura ya enzi pamoja na mwendo wa kisasa, ila bei yake ni kubwa na huagizwa kutoka mbali.

Kusoma saizi

Saizi za zamani ziliandikwa kwa inchi. Katika 7.50-16, namba ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha ringi. Kistari kati ya namba hizo kinaonyesha tairi la mshazari, na herufi R mahali pake inaonyesha radiali, kama katika 7.50R16. Saizi za kisasa, kama 195/70R14, hutaja upana kwa milimita, kisha urefu wa ubavu kama asilimia ya upana, kisha kipenyo cha ringi kwa inchi. Pale ambapo asilimia haikuandikwa, kama katika 175R14, ubavu huchukuliwa kuwa takriban asilimia 82 ya upana.

Kwa hesabu hiyo kipenyo cha tairi zima hupatikana kwa kuzidisha urefu wa ubavu kwa mbili na kuongeza kipenyo cha ringi. Inchi moja ni milimita 25.4. Mifano:

- 175R14, saizi ya Peugeot 504: takriban milimita 643.
- 195/70R14, inayopatikana kwa urahisi zaidi: takriban milimita 629, yaani pungufu kwa asilimia 2 hivi.
- 235/85R16: takriban milimita 806, karibu sawa na 7.50R16.
- 205/80R16: takriban milimita 734, karibu na 6.00-16 ya Land Rover fupi za zamani.

Kipenyo kina maana kwa sababu spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu. Gari lililokuwa na 7.50R16 likifungwa 205/80R16, kila mzunguko hufupika kwa asilimia 9 hivi. Spidomita ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari kwa kweli huenda karibu 73. Injini huzunguka zaidi kwa mwendo uleule, na gari hushuka karibu na ardhi kwa zaidi ya sentimita 3. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kutovuka tofauti ya asilimia 3 ya kipenyo.

Saizi peke yake haitoshi. Ubavuni mwa tairi huandikwa namba ya uzito na herufi ya mwendo. Kwa mfano, namba 88 ni kilo 560 kwa tairi moja na 91 ni kilo 615. Herufi Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190 na H ni 210. Gari la zamani mara chache huhitaji herufi ya juu, lakini gari la mizigo linahitaji namba ya uzito inayotosha. Tairi la gari dogo linaloenea kwenye ringi ya Land Rover si lazima liwe na uwezo wa kubeba shehena yake.

Ringi na tyubu

Kabla ya kununua tairi, ringi hukaguliwa. Ringi za tairi lisilo na tyubu huwa na tuta dogo kwa ndani linalozuia ukingo wa tairi kutoka mahali pake. Ringi nyingi za zamani hazina tuta hilo, na baadhi zimefungwa kwa ribiti au zina spoku, hivyo upepo huvuja. Ringi za namna hiyo hutumia tyubu, hata kama tairi ni la kisasa. Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Tyubu kubwa mno hujikunja ndani na kukatika, na ndogo mno huvutika mpaka ikawa nyembamba. Iwapo tairi ni radiali, tyubu nayo iwe imeandikwa kuwa inafaa kwa radiali.

Upana wa ringi ni jambo lingine. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo kinachofaa kwa Land Rover ya zamani, lakini limekusudiwa ringi pana kuliko zile za awali, ambazo nyingi zina inchi 5 au 5.5. Likifungwa kwenye ringi nyembamba, uso wake huvimba katikati, kashata za kati huisha mapema na ubavu huyumba kwenye kona. Tairi pana huweza pia kugusa springi au mwili wa gari usukani unapokatwa hadi mwisho.

Radiali hushika barabara kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo hupita kwenye ringi, beringi na viungo vya usukani. Ringi yenye kutu au nyufa iliyovumilia tairi la zamani inaweza kupasuka. Mafundi hukagua sehemu hizo pamoja na shokapu kabla ya kubadili aina ya tairi.

Kutochanganya

Matairi ya mshazari na ya radiali hayafungwi kwenye ekseli moja. Upande mmoja hushika kuliko mwingine, na gari huvuta pembeni breki inapokanyagwa. Ikiwa hakuna budi kuchanganya kati ya ekseli mbili, radiali hukaa nyuma na mshazari mbele. Mpangilio wa kinyume ni hatari, kwa sababu magurudumu ya mbele hushika wakati ya nyuma yameshaanza kuteleza, na gari huzunguka. Sheria za Uingereza na nchi nyingine hukataza mpangilio huo. Kwa gari linalotumia magurudumu yote manne kwa pamoja, matairi yote yawe ya aina na kipenyo kimoja, la sivyo giaboksi na difu huumia. Tairi la akiba huingia katika hesabu hiyo: spea ya mshazari kwenye gari la radiali ni ya kufikia gereji tu.

Umri wa tairi

Magari ya zamani hutembea kidogo, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha. Oksijeni, ozoni, joto na jua hukausha mpira na kudhoofisha mshikamano wa tabaka. Tairi linaweza kuwa na kashata nzima na bado likavuka uso au kupasuka kwa mwendo wa kawaida. Hili ndilo kosa linalojirudia zaidi kwa wamiliki wa magari ya kale: kuhukumu tairi kwa kina cha kashata peke yake.

Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ubavuni mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Kuanzia mwaka 2000 hutumika tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kutumika barabarani. Watengenezaji kadhaa, wakiwemo Michelin, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima.

Tarehe husomwa pia kwenye tairi jipya, kwa kuwa saizi adimu huweza kukaa ghalani miaka mingi kabla ya kupata mnunuzi. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa matairi ya mtumba na yale yaliyovikwa kashata upya. Kashata mpya juu ya kiunzi cha zamani haziondoi umri wa kiunzi hicho. Dalili za kukataa tairi ni nyufa ubavuni, nundu, waya zinazochungulia na kashata zisizolingana. Katika nchi nyingi kina cha chini cha kashata kinachoruhusiwa ni milimita 1.6, lakini kwenye matope kina hicho hakitoshi.

Mfano wa mazingira: Mwanhuzi

Mwanhuzi iko katika nyanda za Usukuma, kwenye eneo la kilimo cha pamba na ufugaji. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaoitwa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka, hupasuka na kuwa mgumu. Wakati wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Mei, hunata kwenye magurudumu na kuteleza. Vichaka vya migunga hudondosha miiba mirefu njiani. Safari ya kwenda Bariadi au Mwanza huunganisha vumbi na lami, hivyo tairi moja hutakiwa kufaa kwa hali zote.

Chukua mfano wa Land Rover 109 ya miaka ya 1960, ambayo jina lake linatokana na inchi 109 zilizopo kati ya ekseli zake. Saizi yake ya kawaida ni 7.50-16. Saizi hiyo haijatoweka, kwa kuwa 7.50R16 hutumika kwenye Toyota Land Cruiser za kazi na malori madogo. Mmiliki anaweza kupata radiali ya kisasa yenye upana na kipenyo kilekile, ubavu imara wa gari la mizigo na nafasi ya tyubu, bila kubadili ringi wala sura ya gari. Wembamba wake husaidia kwenye matope yasiyo na kina, kwani tairi hukata tope na kufikia ardhi ngumu. Kashata zenye nafasi kubwa hujisafisha, ilhali kashata zilizosongamana hujaa udongo na kugeuka kipara.

Hali ni ngumu zaidi kwa Peugeot 404. Matairi yake ya awali yaliandikwa 165-380, ambapo 380 ni milimita za kipenyo cha ringi, karibu sawa na inchi 15. Mbadala wake ni 165R15, ambayo nayo si rahisi kuipata katika miji midogo. Mmiliki anayeagiza nje hununua matano kwa pamoja ili spea ilingane, na huhakikisha yametengenezwa karibuni. Kufunga tairi fupi na pana kwa sababu tu linapatikana hushusha gari hilo, ambalo sifa yake ilikuwa kupita juu ya mawe.

Miiba hugusa pia uchaguzi wa tyubu. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na mwiba hupoteza upepo polepole, na tundu lake huzibwa bila kulitoa kwenye ringi. Tyubu ikitoboka huweza kuisha upepo ghafla, lakini mafundi wa pancha wa vijijini wanaifahamu na kuiziba kwa vifaa vidogo. Kwa ringi zinazovuja hakuna uchaguzi: tyubu ni lazima, na dereva hubeba ya akiba pamoja na pampu.

Matumizi na uamuzi

Gari la maonyesho, kama yale yanayoshindanishwa katika Concours d'Elegance jijini Nairobi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, hutembea kilomita chache na hukaguliwa kwa makini hali na mwonekano wake. Kwa gari hilo matairi ya mtindo wa zamani yana maana, mradi ni mapya na dereva anajua mipaka yake.

Gari la matembezi ya mara kwa mara hufaidika na radiali yenye saizi ya asili au radiali yenye sura ya zamani. Gari la kazi, linalobeba abiria, wagonjwa au mazao, huhitaji kwanza uwezo wa uzito, ubavu imara na saizi inayopatikana karibu. Tairi zuri lisiloweza kupatikana tena baada ya kuchanika huliacha gari limesimama kwa wiki kadhaa.

Gari lililobuniwa kabla ya radiali na linaloenda polepole linaweza kubaki na matairi mapya ya mshazari bila tatizo. Tairi jipya la mshazari ni salama kuliko radiali ya miaka kumi na tano.

Utunzaji

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Kipimo cha kitabu cha gari kilihusu tairi la wakati ule. Likibadilishwa kuwa radiali, mara nyingi upepo huongezwa kidogo kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa tairi. Upepo mdogo huongeza joto, na joto ndilo huua tairi kwenye safari ndefu yenye mzigo. Upepo ukipunguzwa ili kutoka kwenye tope, hurudishwa kabla ya kuingia kwenye lami.

Gari linaloegeshwa muda mrefu huwekwa kivulini, mbali na mafuta na dizeli, na huinuliwa juu ya stendi au kusogezwa kila baada ya wiki chache. Matairi yakifungwa upya hufanyiwa balansi, na usukani hunyooshwa.

Tairi lililozeeka haliuzwi tena kwa matumizi ya barabarani. Katika Afrika ya Mashariki mara nyingi huishia kwa mafundi wanaolikata kutengeneza katambuga, mikanda ya kufungia mizigo na vyombo vya kunyweshea mifugo.